Hoteli za Kesho: Nani Atampokea Mgeni?



Wapenzi wasomaji, wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya Maghrib hapa kwetu Nyamirambo, Kigali, alitusubiri mlangoni kijana mmoja ambaye tulimsomesha Juzuu Amma akiwa na umri wa miaka saba. Siku hizi ni mtu mzima, ana mke na mtoto mchanga, na anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mjini. Tulimwona ana jambo zito, tukamwita ndani, tukaagiza chai.

Alichotuambia ni hiki. Pale hotelini kwao imeletwa mashine yenye kioo cha kugusa, imesimamishwa pembeni ya meza ya mapokezi. Mgeni akifika anaweka pasipoti yake juu ya mashine, anaandika namba aliyopewa alipoweka nafasi, analipa, na mashine inamtolea kadi ya kufungulia mlango. Zamani usiku walikuwa wakikaa watu watatu. Sasa wameambiwa anatosha mmoja. Yeye ndiye aliyebakizwa, lakini kwa muda gani? Baba yake aliuza pikipiki iliyokuwa ikiilisha nyumba ili amlipie ada ya chuo cha hoteli, na bado umebaki mwaka mzima wa masomo.

"Ustadh," akatuuliza, "niendelee na masomo haya, au nitafute kazi nyingine mapema?"

Sisi ni walimu wa madrasa. Tumezoea kuulizwa mambo ya twahara, ya mirathi na ya ndoa, na swali hili halimo katika vitabu tunavyosomesha. Tulimwomba atupe muda. Tumesoma habari za hoteli za nchi nyingine, tumewauliza wanaosafiri, na tumekumbuka tuliyoyaona kwa macho yetu. Tumeona ni vizuri jibu letu tuliandike hapa, kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Familia zetu zinasafiri kuliko zamani: kwa matibabu, kwa harusi, kwa biashara, kwa umra na hija. Na hoteli tutakazolala miaka kumi ijayo huenda zisifanane na tulizozizoea.

Usiku wa mama yetu

Mwaka 2023 Allah Subhanahu wa Taala alitujaalia kwenda umra pamoja na mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na kitu. Hoteli tuliiweka kwa simu, tukiwa tumekaa sebuleni Kigali. Tulilipa, tukapata ujumbe, na tulipofika Makka vyumba vilikuwa tayari. Wazee wetu waliokwenda miaka ya nyuma wangeshangaa. Walikuwa wakifika hawajui watalala wapi, mpaka mkuu wa msafara azunguke mitaani akitafuta nyumba.

Mama alilala chumba kimoja na akina mama wengine wawili wa msafara wetu, ghorofa ya kumi na nne. Usiku wa tatu, baada ya Isha, alichoka akarudi peke yake, nasi tukabaki Haram. Kadi ya mlango alikuwa ameitia kwenye pochi moja na simu. Kadi zile za mstari wa sumaku zina udhaifu huo: zikikaa karibu na sumaku, kama ile ya kifungo cha pochi, maandishi yake huweza kufutika. Alipofika kwenye lifti kadi ikagoma, na lifti ile haikubali kupanda bila kadi. Akaenda mapokezi. Saa ile hapakuwa na mtu, ila kioo kilichokuwa kikiwaka na kuandika maneno kwa Kiarabu na Kiingereza. Mama yetu anasoma Qur'ani vizuri sana, lakini Kiarabu cha kuzungumza hakijui, na Kiingereza vilevile. Akakaa kwenye kiti. Alikaa karibu saa nzima, akiwa na kiu, na aibu ikimzuia kulia.

Aliyemwona ni mfanyakazi wa usafi, kijana wa Kibangladeshi, aliyekuwa anapita na ndoo yake. Hawakuwa na lugha moja. Yule kijana akaweka ndoo chini, akaleta maji, akamwonyesha kwa ishara kwamba asiogope, kisha akasoma namba iliyoandikwa kwenye bangili ya msafara mkononi mwake na kutupigia simu. Tulipofika tulimkuta amesimama kando yake kama mtoto na mama yake.

Hatuisemi hoteli ile vibaya. Vyumba vilikuwa safi na bei ilikuwa ya haki. Wala hatuilaumu mashine, kwani simu hiyohiyo ndiyo iliyomwonyesha mama wajukuu zake walioko Kigali kila baada ya Fajr. Hata ruhusa ya kuingia Rawdha katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina tuliiomba kwa simu, kwa ile programu ya Nusuk iliyoanzishwa na Saudi Arabia mwaka 2022. Tunachosema ni kwamba usiku ule mashine ilifanya kila ilichofundishwa, na mgeni hakupokelewa. Mpaka leo mama akimaliza swala humwombea dua kijana yule ambaye hata jina lake hakulijua.

Mambo yalikoanzia

Vijana wetu wanadhani mabadiliko haya yameanza juzi. Si hivyo. Mlango wa hoteli wa kufunguliwa kwa kadi ulibuniwa katikati ya miaka ya 1970 na fundi wa Norway aitwaye Tor Sørnes. Kadi zake za mwanzo zilikuwa za plastiki, zenye matundu. Kabla ya hapo mgeni alipewa ufunguo wa chuma uliofungwa kwenye kipande kizito cha mti au shaba ili asisahau akaondoka nao. Ufunguo ukipotea, anayeuokota anaweza kurudi hata baada ya mwezi mmoja akafungua chumba cha mgeni mwingine. Kadi ilikuja kuondoa hatari hiyo, maana kila mgeni hupewa siri mpya, na ya zamani hufutwa. Kwa hiyo kadi haikuletwa kumtesa mama yetu. Ililetwa kumlinda.

Kuanzia miaka ya 2014 na 2015 hoteli kubwa za kimataifa zikaanza kuifanya simu yenyewe kuwa ufunguo. Mgeni anachagua chumba akiwa bado uwanja wa ndege, anapita mbele ya mapokezi bila kusimama, anaiweka simu karibu na kitasa, mlango unafunguka. Mwezi Agosti mwaka 2014 hoteli moja ya Cupertino, California, ilianza kutumia roboti ndogo yenye magurudumu, inayoingia kwenye lifti peke yake na kumpelekea mgeni taulo au mswaki mpaka mlangoni.

Wasomaji wetu wa Rwanda roboti hatuzisikii kwa mbali. Mwezi Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali yetu ilipokea roboti tano zikapewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Zilipima joto la mwili na kuwapelekea wagonjwa vitu, ili madaktari na wauguzi wasikaribie ugonjwa mara nyingi pasipo haja. Wakati ule kuwekewa mashine mahali pa mtu kulikuwa ni huruma kwa mtu huyo. Basi asitokee mwenye kusema kwamba roboti ni ubaya mtupu.

Hoteli iliyojaribu kuondoa watu

Kama kuna mahali pa kutufundisha yatakayokuwa, ni Japani. Mwezi Julai mwaka 2015, katika mji wa Sasebo, mkoa wa Nagasaki, ndani ya bustani ya matembezi iitwayo Huis Ten Bosch, ilifunguliwa hoteli kwa jina la Henn na Hotel. Nia yake ilikuwa kazi karibu zote zifanywe na roboti. Mapokezi walisimamishwa sanamu ya mwanamke inayosema, na pembeni yake sanamu ya dinosau, yule mnyama mkubwa wa kale, aliyevalishwa kofia. Mizigo ilibebwa na mikokoteni inayojiendesha. Mlango ulimtambua mgeni kwa uso wake. Kitandani kando kulikuwa na kidoli cha kujibu maswali na kuwasha taa. Roboti zikaongezeka mpaka kufikia 243.

Mwezi Januari mwaka 2019 ikatangazwa kwamba zaidi ya nusu ya roboti hizo zimeondolewa. Sababu zake zinafaa kuzingatiwa moja moja.

Yule dinosau wa mapokezi hakuweza kutoa nakala ya pasipoti, kwa hiyo mtu alilazimika kuja kuifanya kazi hiyo. Mikokoteni ya mizigo ilifika kwenye vyumba ishirini na kitu tu kati ya vyumba zaidi ya mia moja, na mvua au theluji iliiharibu. Kidoli cha chumbani kilimsumbua mgeni aliyekuwa akikoroma: kila akikoroma kikadhani anakiita, kikamwamsha kumwambia hakijamsikia, arudie aliyosema. Na wafanyakazi wachache waliobaki, badala ya kupumzika, walikuwa wakifanya kazi saa za ziada kuzitengeneza roboti zilizoharibika.

Tulipomsimulia habari hii kijana wetu alicheka sana, tukafurahi kumwona akicheka. Lakini tulimwambia asidanganyike. Hoteli ile haikufungwa. Jina lake leo liko kwenye matawi mengi, na roboti bado ziko, zile zilizoonekana zinafaa. Waliondoa mashine zilizoshindwa, wakabakisha zilizoweza. Na tangu mwaka 2019 mashine zimejifunza mengi. Programu za siku hizi zinaelewa usemi wa watu vizuri zaidi kuliko kile kidoli, na zinatafsiri lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Si ajabu siku moja mama yetu akakaa mbele ya kioo kama kile cha Makka, akauliza kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili, na lifti ikafunguka. Hilo likiwa, tutasema alhamdulillah.

Mengine yanayotajwa ni chumba kinachokumbuka kwamba mgeni huyu hupenda baridi kidogo, kinachozima kiyoyozi mwenyewe akitoka ili umeme usipotee bure, na mgeni kuingia na kutoka bila kuonana na mtu yeyote. Haya yote tayari yako mahali fulani duniani. Yatakayofika kwetu, na lini, Allah ndiye ajuaye.

Chumba cha kukodi ni sitara ya mtu

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi kama familia za Kiislamu. Mwenye kusoma Surat an-Nur, kuanzia aya ya 27, atakuta tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tupewe idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Kisha aya ya 29 inaruhusu kuingia nyumba zisizokaliwa na mtu maalumu, ambazo tuna haja nazo. Miongoni mwa wafasiri wako waliosema nyumba hizo ni zile za wasafiri zilizojengwa njiani, ambazo kila mpita njia hufikia. Ukumbi wa hoteli ni wa aina hiyo: yeyote aingie. Lakini mgeni akishapewa chumba, akaweka mzigo wake na kuvua viatu, chumba kile kimekuwa nyumba yake kwa usiku ule, na hukumu ya kubisha hodi inarudi. Mwenye hoteli mwenyewe abishe hodi.

Zamani kumlinda mgeni kulikuwa ni mlango, komeo na pazia. Anayetaka kumchungulia ilimbidi aje kwa miguu yake. Leo jicho linaweza kuwa ndani na mwenye jicho yuko mji mwingine. Mwezi Machi mwaka 2019 polisi wa Korea Kusini walitangaza kwamba wageni wapatao 1,600 walikuwa wamepigwa picha kwa siri katika vyumba 42 vya nyumba za wageni 30, kwenye miji 10, na picha zikaonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao kwa kulipiwa. Kamera zilikuwa ndogo sana, zimefichwa ndani ya visanduku vya televisheni, kwenye soketi za umeme na kwenye vishikizo vya mashine za kukaushia nywele. Wengi wa watu hao hawakujua lolote. Walilala, wakalipa, wakaenda zao.

Na kuna sitara nyingine tusiyoiona, nayo ni ya taarifa zetu. Mwezi Novemba mwaka 2018 kampuni ya Marriott ilitangaza kuwa wezi wa mtandao walikuwa wameingia kwenye kumbukumbu za wageni wa hoteli za Starwood tangu mwaka 2014. Miaka minne mizima! Namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimewekwa wazi, bila kufichwa kwa maandishi ya siri. Hata vitasa vya kadi navyo vina yao: mwezi Machi 2024 watafiti walieleza kwamba aina moja ya vitasa, iliyofungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, ingeweza kufunguliwa kwa kadi mbili za kughushi, na cha kuanzia ni kuwa na kadi yoyote tu ya hoteli hiyo. Waliokigundua kilema hicho walimwarifu mtengenezaji kabla ya kukitangaza, ili arekebishe.

Kisa kilichotufurahisha ni cha hoteli moja ya milimani nchini Austria. Mwezi Januari mwaka 2017 wezi wa mtandao walizifunga kompyuta zake, ikawa haiwezi kutengeneza kadi mpya za vyumba, ikalipa karibu euro 1,500 ili ifunguliwe. Baadaye mwenyewe akasema atarudia funguo za chuma, kama za enzi za mababu zake. Tulimsomea mama yetu habari hii, akasema, "Huyo angeniuliza mimi mapema."

Tunayowausia wazazi na wanafunzi

Hatuna kusudi la kumtisha mtu asisafiri. Hoteli nyingi zinaendeshwa na watu waaminifu. Lakini mwenye kufunga mlango wake hakuidhulumu nyumba ya jirani. Basi tunawausia haya:

1. Kabla ya kuweka nafasi, pigeni simu muulize: je, usiku kuna mtu mapokezi? Na umeme au mtandao ukikatika, mlango unafunguliwaje? Hoteli yenye majibu mazuri itajibu upesi.

2. Mkisafiri na mzee, mwandikieni karatasi yenye jina la hoteli, namba ya chumba na namba yenu ya simu, kwa lugha ya nchi mliyoifikia. Karatasi haiishi chaji. Kadi ya mlango iwe mfuko mwingine, mbali na simu na vifungo vya sumaku.

3. Mkiingia chumbani, fungeni komeo la ndani. Tazameni vitu vinavyoelekea kitandani na bafuni: saa, soketi, kifaa cha moshi cha darini. Zimeni taa mmulike kwa tochi ya simu. Jicho la kamera mara nyingi humetameta kama kioo. Mkitilia shaka, ombeni chumba kingine, na jambo likithibitika mwiteni polisi.

4. Kikiwepo kifaa cha kusikiliza sauti na kujibu, na hamkihitaji, kichomoeni kwenye umeme. Mna haki hiyo.

5. Vijana, mkifungua akaunti zenu kwenye televisheni ya hoteli, zifungeni kabla ya kuondoka. Mambo ya benki na ya kutuma pesa yafanyeni kwa intaneti ya simu zenu, si kwa ile ya hoteli inayotumiwa na kila mtu.

6. Msitume picha ya pasipoti kwa mtu msiyemjua kwa sababu tu amesema yeye ni wa hoteli. Pigeni simu hotelini kwanza, kwa namba mliyoitafuta wenyewe.

7. Kwa kibla, dira ya simu hupotoka karibu na vyuma vingi. Angalieni kama kuna mshale darini au ndani ya saraka, na msione haya kuuliza mtu.

Jibu letu kwa kijana wetu

Alipokuja mara ya pili tulimtaka kwanza atusimulie usiku mmoja wa kazi yake, tangu anapoingia mpaka anapotoka. Akasimulia mengi ya kawaida. Halafu akasema, kama anayetaja jambo dogo, kwamba wiki ile saa nane usiku aliingia mama mmoja msafiri kutoka Goma, amebeba mtoto mwenye homa kali. Alisimama mbele ya mashine. Mashine ikamwomba namba ya nafasi. Hakuwa nayo, kwani simu yake ilikuwa imezimika. Mashine ikamwandikia ajaribu tena.

"Ukafanya nini?" tukamuuliza.

"Nilimpa kiti, Ustadh. Nikachomeka simu yake kwenye chaji. Nikampigia dereva wa teksi tunayemjua, akawapeleka hospitali, na mizigo nikaiweka nyuma ya meza. Alfajiri walirudi, mtoto amepata dawa. Chumba nikamwandikia kwa mkono."

"Na bosi wako alisema nini?"

"Aliniuliza kwa nini sikuitumia mashine."

Tulinyamaza kidogo sote wawili, kisha tukamwambia tuliyoyafikia.

Tulimwambia kwanza ukweli, kwa sababu mwanafunzi hadanganywi. Kuna kazi za hoteli zitakazopungua. Kunakili pasipoti, kupokea malipo, kukabidhi kadi, kujibu kwa simu kwamba chai ya asubuhi huanza saa moja: haya mashine itayafanya, na kwa bei ndogo. Anayeyajua hayo tu, na asijue lingine, ana haki ya kuwa na hofu. Hata yule anayefanya wema kama wake hatuwezi kumdhaminia kazi, kwa sababu wema wa saa nane usiku hauonekani kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

La pili, tulimwambia amalize mwaka wake uliobaki. Pikipiki ya baba imeshauzwa. Akiacha sasa atakuwa amepoteza pikipiki na cheti. Lakini asisome kama alivyokuwa akisoma. Ajifunze ile mashine mpaka ajue inapoharibika inaharibikia wapi, awe yeye ndiye anayeitwa. Ajifunze namna ya kulinda taarifa za wageni, maana hoteli zitahitaji mtu wa kujibu kwa ajili yake. Aongeze lugha. Anajua Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza chake akinyooshe, na Kiarabu tutamsaidia sisi bila malipo, siku mbili kwa wiki.

La tatu, tulimwambia alichomfanyia yule mama ndiyo kazi yenyewe ya mapokezi. Nabii Ibrahim (a.s.) walipomjia wageni asiowajua hakuwauliza namba. Aliondoka kimya kimya kwenda kwa watu wake, akaleta ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao. Mashine inaweza kufungua mlango. Haiwezi kumwona mtoto ana homa, na hata ikija kuweza kupima joto lake, pale ambapo haikufundishwa la kufanya itamwambia mama yake ajaribu tena. Usiku wa namna hiyo lazima pawe na mtu aliyepewa amana ile, naye awe na uwezo wa kuandika chumba kwa mkono bila kuulizwa kesho yake.

Na hapa tuna neno kwa ndugu zetu wenye hoteli na gesti, hapa Biryogo, kule Buyenzi mjini Bujumbura, Kampala na kwingineko. Mkipenda leteni mashine. Ni mali yenu na biashara ina ushindani. Lakini tunawaomba mambo mawili. Msimwondoe mtu wa mwisho wa usiku kwa ajili ya mshahara mmoja, kwa sababu yeye ndiye mnayemwachia wageni wenu mkiwa mmelala. Na taarifa za wageni mziweke kama mnavyoweka fedha za watu: chache iwezekanavyo, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na msimpe asiyehusika.

Kijana wetu alikunywa chai yake, akakaa kidogo. Kisha akasema atamwonyesha bosi wake orodha ya wageni walioshindwa na mashine mwezi ule, aliyokuwa akiiandika kwenye daftari. Hatukujua kama ana daftari hilo. Walikuwa kumi na saba. Tukamwambia hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote tulizompa, aende nayo.

Mpaka tunaandika haya bado yuko peke yake zamu ya usiku, na mkataba wake unakwisha mwezi Desemba. Bosi amelichukua daftari akasema atalisoma. Masomo ya Kiarabu yameanza, Jumatatu na Alhamisi baada ya Isha kabla hajaenda kazini, na mke wake ameomba naye awe anakuja.

Mama yetu tulipomweleza habari ya kijana huyu, alimwingiza kwenye dua yake ya baada ya swala, pamoja na yule wa Makka. Tunawaomba nanyi wasomaji mumkumbuke.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.